Mkono Uliopima Mawe

Kazi yote ya mkandaji ilikaa kwenye kipande cha ngozi cha upana wa vidole vinne, upande wa ndani wa mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Hapo ndipo kila jiwe lilipopita kabla ya kufika kwenye mgongo wa mtu. Alilitoa kwenye sufuria kwa mwiko wa mbao, akalifuta kwa taulo, akaliweka hapo, akafumba macho na kuvuta pumzi tatu. Jiwe likimfukuza kabla ya pumzi ya tatu, lilikwenda pembeni kupoa. Likimvumilia, lilikuwa lako.

Naandika jinsi ngozi hiyo ilivyonyamaza, na jinsi mimi nilivyolijua jambo hilo kabla yake nikafunga mdomo. Habari za alikozaliwa na za ukoo wake siziweki hapa. Alitoka Kongo ya mashariki wakati wa vita, na zaidi ya hapo kila mtu aliambiwa hadithi tofauti.

Hata mawe yenyewe yalikuwa na hadithi nyingi. Yalikuwa meusi, laini kama sabuni iliyotumika, mengine makubwa kama mkate, mengine madogo kama yai la njiwa. Wakongomani wenzake wa kanisani aliwaambia kwamba ni mawe ya mlima wa moto wa kwao, ambayo aliyabeba mgongoni siku ya kukimbia, wakati wenzake wamebeba sufuria na magodoro. Waganda aliwaambia kwamba aliyaokota mtoni njiani. Mimi nilipomuuliza akaniangalia sana, kisha akasema, "Weye unauliza kama mtu wa uhamiaji. Ile ya kwanza ilitoka nyumbani. Ingine niliokota Nakawa, pale wanajenga barabara." Niliamini hilo la mwisho kwa sababu halikumpa sifa yoyote.

Chumba chake kilikuwa Luzira, pembeni mwa Kampala, nyuma ya safu ya maduka, kwenye barabara inayoteremka Port Bell. Nje palikuwa na benchi la wateja na sigiri mbili za makaa, kando ya kizingiti, mahali mwiko ulipozifikia kutoka ndani. Ndani palikuwa na meza ya mbao yenye godoro, pazia la kitenge na dirisha dogo. Harufu ya ziwa ilikuwa inaingia asubuhi, na mchana ilishindwa na harufu ya mafuta ya simsim.

Nilifika hapo mara ya kwanza nikiwa nimepinda. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimefanya kazi za miguu na mgongo: vitunguu Kalerwe, saruji Nakawa, mashua za samaki, kulinda maduka ya watu. Siku hiyo mfuko wa saruji ulinishinda katikati ya ngazi, na kitu kiunoni kikalia kama fimbo kavu inayovunjika. Muuza vitenge mmoja Mkongomani akaniambia, "Nenda kwa mama wa mawe. Ukitoka pale bado umepinda, basi umezaliwa hivyo."

Anayekwenda kwa mara ya kwanza hufikiri atalazwa tu na kuwekewa mawe. Kwanza alihojiwa. Umekula saa ngapi? Una homa? Umepasuliwa karibuni? Mishipa ya miguu imevimba? Presha? Wanawake aliwauliza kama wana mimba, na mwenye mimba alimrudisha nyumbani hata akilia. Mwenye kidonda alimrudisha. Mwenye sukari alimrudisha kwa upole kuliko wote, akimshika bega hadi mlangoni.

"Kwa nini wa sukari?" nilimuuliza siku moja, maana mimi ni mtu wa kwa nini.

"Miguu yake haisikii tena, wakati mwingine mikono pia. Jiwe litakuwa linamla, naye ananiambia mama, vizuri sana, endelea. Nitajuaje?"

Baada ya maswali ulivua mkanda, saa, na cheni kama unayo, kwa sababu chuma kinashika moto. Ulilala kifudifudi, naye akakufunika kwa kitenge na kufunua tu sehemu anayoishughulikia. Hakuanza na mawe. Alianza na mikono mitupu na mafuta, polepole, akisema mwili haupendi kuguswa na mgeni kabla haujaamkiwa. Kisha yakaja mawe makubwa, juu ya kitambaa, upande huu na upande ule wa uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Madogo aliyaweka viganjani na katikati ya vidole vya miguu. Wakati hayo yanakaa, alichukua mengine mawili, akayapaka mafuta na kuyasukuma kwenye misuli kama mtu anayepiga pasi.

Moto wake kwanza unatisha. Mwili wote unajikaza ukingoja kuungua, na hauungui. Halafu unasikia joto linaacha ngozi na kushuka ndani, kwenye sehemu ambazo hukujua kama zimechoka. Wengi walisinzia. Baadhi walilia, na mimi ni mmoja wao. Nililia bila huzuni yoyote, mdomo wangu ukiwa umegandamizwa kwenye godoro. Alinipigapiga kisogo akasema, "Acha itoke. Hiyo ni saruji."

Ulipomaliza hukuruhusiwa kuondoka. Ulikaa kwenye kigoda, ukanywa maji ya uvuguvugu kikombe kizima, ukaambiwa usioge maji baridi hadi kesho. "Na kesho utaumwa kidogo kama umepigwa," alisema. "Usikuje kunitukana. Ni kawaida."

Nilirudi wiki iliyofuata na wiki baada ya hiyo. Mgongo ulipopona niliendelea kwenda, nikamletea makaa, nikakaa kwenye benchi kusikiliza watu.

Alikuwa mtu wa sala. Kila mteja aliombewa kabla ya kuguswa, awe Mkristo au Mwislamu, na hakuna aliyekataa. Lakini muuza makaa akimletea makaa mabichi, matusi yaliyotoka kwenye kinywa kilekile yaliwafanya makondakta wa barabarani wageuze shingo. Aliwahubiria watu kupumzika, naye sikumwona amelala mchana hata mara moja. Alikataza wateja soda, halafu alikunywa chai yenye sukari ya vijiko vitano, akikoroga huku akikutazama usoni ili uthubutu kusema kitu.

Juu ya mawe alikuwa na sheria mbili zisizobadilika. Ya kwanza nimeshaisema: jiwe lipite mkononi kwake. Ya pili ilikuwa kwamba mteja lazima aseme. Kila baada ya muda aliuliza, "Namna gani?" nawe ulitakiwa kujibu moto, au vizuri, au baridi. Ukinyamaza aliondoa mawe yote. "Mkono wangu unajua jiwe," alisema. "Haujui mgongo wako. Mgongo wako una mdomo wako tu."

Sheria hiyo iliwasumbua askari kuliko watu wote. Jirani zake wengi walikuwa familia za askari na polisi, watu wa kaskazini, na wanaume wale walikuwa wamefundishwa tangu ujana kwamba maumivu hayasemwi. Aliyesumbuka zaidi ni afande mmoja mstaafu, mrefu, mweusi sana, mwenye risasi ya zamani begani. Ndiye aliyemletea simsim kutoka kwao kila aliporudi safari. Walizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee waliyoelewana kwayo, afande akiwa ameipata jeshini na mama sokoni kwao, na kila mmoja alidai Kiswahili cha mwenzake kimeharibika.

"Afande, namna gani?"

"Endelea na kazi."

"Minakuuliza namna gani!"

"Mimi hapana ogopa jiwe. Nimetembea na mguu kutoka Gulu mpaka hapa."

"Basi shuka kwenye meza yangu, uendelee kutembea."

Hapo alicheka na kusema, "Haya, vizuri, vizuri sana, mama mkubwa wa mawe." Ilichukua miezi mingi hadi akajifunza kujibu bila kulazimishwa. Mama alijivunia hilo kuliko mgongo wowote aliounyoosha. "Mtu wa jeshi," aliniambia, "namfundisha kusema aa."

Sasa naja kwenye siku yenyewe. Kabla ya hapo kulikuwa na dalili ambazo niliziona lakini sikuziunganisha. Alikuwa amepungua mwili. Alikuwa anatoka kila mara kwenda chooni na kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Aliniambia akicheka kwamba sista wa kliniki amempima akasema ana sukari. "Nikamwambia, sista, sukari ni ugonjwa ya watu wanakula vizuri. Mimi nakula nini?" Vidonge alipewa. Viliwekwa juu ya kabati karibu na kopo la sukari, na kopo ndilo lililoshuka kila siku. Tena siku nyingine niliona malengelenge mawili kwenye mkono wake wa kushoto, akasema ni mafuta ya kukaangia mandazi. Sijawahi kumwona akikaanga mandazi.

Siku hiyo ilikuwa saa sita mchana, na kwenye benchi tulikuwa watu watano. Afande alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Tulimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hii jiwe leo iko kali."

Nilijua anachofanya mama: amelitoa mgongoni, ameliweka mkononi, amefumba macho.

"Apana," akasema. "Iko sawa. Iko hata baridi kidogo. Leo umeamka mtoto, afande?"

Benchi zima tukacheka. Mmoja wetu akaita kutoka nje, "Afande, tukuletee nepi?" Mama naye akacheka. Nadhani ni kicheko chetu kilichofunga mlango. Afande alikuwa amesema mara moja, kama alivyofundishwa, na alipoona haisaidii akarudi kwenye kile alichokijua zamani zaidi. Mama aliuliza tena, "Namna gani?" Akajibu, "Vizuri." Alipotoka alikunywa maji yake yote, akamshukuru, akaondoka amenyooka.

Siku nne baadaye nilimkuta afande Port Bell kwenye mashua, amevua shati akiosha uso. Chini ya bega la kulia, ngozi ilikuwa imetoka. Palikuwa pekundu, pamelowa, na umbo lake lilikuwa la jiwe; ungeweza kuliweka lile jiwe pale likakaa.

"Afande! Ni jiwe la mama?"

Akavaa shati haraka, juu ya maji.

"Wewe hukuona kitu."

"Lazima aambiwe. Ataunguza mtu mwingine."

"Nimeshamwambia mwenye duka la mbele, wamama wasipeleke watoto kwake. Hao wakubwa watasema wenyewe." Alinishika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu. "Sikia, kijana. Mimi nilipigwa risasi nikakaa kimya siku mbili. Hii ni nini? Ukimwambia, ataacha kazi. Yule mama hana mtoto hapa, hana mume, hana shamba. Iko na yale mawe tu. Akiacha atakufa na mawazo. Unataka hiyo?"

Sikutaka. Nilisema sawa. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikubali kwa huruma au kwa uvivu wa moyo, maana kusema ukweli kunamtaka mtu abaki mahali aone matokeo, na mimi kubaki sikukujua. Wiki ile ile nilipata nafasi kwenye lori la mizigo la kwenda Arua, kaskazini. Nilipanda bila kuaga.

Nilikaa huko hadi mvua mbili zikapita. Nilipakia tumbaku, nikauza betri, nikajifunza maneno ya Kilugbara na kuyasahau. Popote nilipolala kulikuwa na mtu anayelalamika mgongo, na kila mara niliwaeleza habari za mkandaji wa Luzira, jinsi anavyopima, jinsi anavyouliza. Nilimsifu sana. Sikusema lile jingine.

Nilirudi Kampala asubuhi ya Jumamosi na kwenda kwake moja kwa moja, kiuno kikiwa kimenikaza kwa safari. Kwenye benchi alikaa mtu mmoja tu, mwanamke Mganda fundi cherehani, akijikanda shingo. Zamani Jumamosi hukupata mahali pa kukaa.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza.

"Eh, ssebo, siku hizi mawe yake hayaeleweki. Leo moto, leo baridi kama maji ya ziwa. Mimi nakuja kwa sababu ya mikono yake."

Niliingia. Afande alikuwa kwenye kigoda, amemaliza, anakunywa maji yake, na fulana ameivaa. Baadaye niliambiwa kwamba tangu siku ile alikuwa analala mezani na fulana, akisema kifua chake hakipatani na upepo wa ziwa, naye mama akimtania kwamba uzee umemwingia. Aliponiona alikaza macho kidogo, kisha akatazama kikombe.

Mama aligeuka. Alikuwa amekonda hadi kitenge kinamzunguka mara mbili. Alinitazama kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika kunitambua, nikajua na macho yake pia yamepungua.

"Weye," akasema. "Uliondoka kama mwizi wa kuku. Hata kwaheri."

"Nisamehe, mama."

"Mgongo?"

"Unaniua."

"Vizuri. Mungu anajua kurudisha watu. Vua mkanda."

Aliniuliza maswali yake yote, hakuruka hata moja. Aliniombea. Nilikuwa bado nimekaa ukingoni mwa meza alipoingiza mwiko kwenye sufuria. Maji yalikuwa yanatokota, jambo ambalo zamani hakulikubali. Zamani alisema maji yakianza kuimba yatoe motoni. Alilifuta jiwe, akaliweka mkononi, akafumba macho.

Mkono wake ulikuwa umejaa makovu, mapya juu ya ya zamani. Alivuta pumzi ya kwanza. Niliona ngozi pembeni ya jiwe ikibadilika rangi. Pumzi ya pili. Uso wake ulikuwa mtulivu, umeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza hodi ambayo haijapigwa. Pumzi ya tatu. Aliendelea kungoja.

"Mama, toa!" Nililisukuma lile jiwe kwa kiganja changu, likaniuma, likaanguka sakafuni.

"Una wazimu?"

"Linakuunguza."

"Nani amesema? Mkono ni wangu ao wako?" Aliuinua mkono karibu na macho, akautazama. Sijui aliona nini. "Iko sawa," akasema, lakini polepole.

Nikamgeukia afande. "Vua fulana."

"Kijana, tuliongea."

"Tuliongea vibaya. Vua, afande. Tafadhali."

Alimaliza maji ya kikombe chake. Halafu akakiweka chini, akainuka, akavua fulana na kumpa mama mgongo, wima, kama mtu kwenye gwaride.

Mama alimwendea na kuanza kumgusa kwa vidole, kuanzia shingoni, kama alivyogusa migongo maisha yake yote. Vidole vilishuka, vikapita juu ya kovu lenyewe, vikaendelea hadi kiunoni. Vikarudi juu. Vikapita tena. Havikusimama popote.

"Iko wapi?" akauliza.

Niliushika mkono wake na kuuweka pale.

"Hapa? Hapa iko nini? Niambie weye. Vidole yangu haisemi."

"Kitu kidogo tu, mama," afande akasema akiangalia ukuta. "Imeshapona zamani."

"Sikuuliza weye. Weye ni muongo." Alinigeuzia uso. "Kubwa namna gani?"

Nilitamani kuwa Arua. "Kama kiganja chako," nikasema. "Ngozi imekunjamana. Katikati ni nyeupe."

"Ni ile siku alisema kali?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikacheka."

"Sote tulicheka, mama."

Aliacha mkono wake pale juu ya kovu, hausikii chochote, na midomo yake ikatikisika kama anayesali, ila sikusikia sauti. Afande hakuondoka. Nje, fundi cherehani alikohoa ili tujue bado yupo.

Mama akajifuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Akafungua pazia na kutoka.

"Dada yangu," akamwambia yule mwanamke, "kazi ya mawe imeisha. Ukienda nyumbani, mwambie mtoto wako akukande hapa na hapa, na mafuta, polepole."

"Leo imeisha, maama? Nirudi kesho?"

"Kesho pia apana. Usirudi kwa mawe. Minaweza kukuunguza na sitajua."

Yule mwanamke alitutazama sisi tuliokuwa mlangoni, akashika mkoba wake, akapiga magoti kidogo kumuaga kwa heshima, akaenda. Mama akainua sufuria kutoka kwenye sigiri kwa vitambaa viwili. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa kichwa. Alimwaga maji taratibu kwenye mtaro, mvuke ukamfunika hadi kiunoni, na mawe yakabaki ndani ya sufuria yakikauka yenyewe.

Kisha akakaa kwenye benchi, mahali walipokuwa wanakaa wateja. Sikuwahi kumwona amekaa pale. Afande akatoka na kukaa kando yake, fulana ikiwa bado mkononi.